Upande wa Pili wa Santuri ya Ngurumo

Nyinyi mnaojifunza kazi kwa Chantal, pale studio yake ya Kamembe juu ya duka la simu, nimewaona mnavyoingia chumbani. Mnawasha mashine kwanza. Sisi tulikuwa tunaingia, tunafunga mlango, tunakaa kimya kwa muda wa mtu kumaliza kikombe cha chai, tunasikiliza chumba. Chumba kitupu kina sauti yake. Kuna kinachovuma, kuna kinachonong'ona pembeni, na kuna kile kinachokaa kimya kabisa halafu kinakusaliti mpiga ngoma akianza. Mzee Mushagalusa aliyenifundisha kazi alikuwa akifumba macho kabisa, mikono magotini. Mara nyingine alikuwa amelala kweli, ila hilo hakulikubali mpaka anastaafu.

Chantal ameniomba niwaandikie habari za kazi yetu ya zamani. Nimekubali kwa sharti kwamba asinipangie. Nitasimulia jinsi zinavyonijia, na siku hizi zinanijia asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya ziwa na Bukavu ng'ambo haijaonekana. Saa hizo hata sina hakika kama niko kwa binti yangu hapa Kamembe au niko kule kwetu, kama mimi ni mzee au ni kijana wa kubeba nyaya. Nasikia tu gita la besi, moja, linatembea taratibu kama mtu anayerudi nyumbani bila haraka. Nikilisikia hilo najua siku itakuwa nzuri.

Basi leo nawapa habari za hilo gita.

Kwanza mjue santuri ilikuwa nini. Ilikuwa sahani nyeusi, ndogo, yenye wimbo mmoja kila upande. Watu walinunua kwa ajili ya upande wa kwanza. Upande wa pili ulikuwepo kwa sababu hakuna sahani ya upande mmoja, basi. Kiwanda kilidai nyimbo mbili, bendi ilikuwa na moja, na ya pili ikatafutwa njiani. Nimewahi kurekodi upande wa pili ambao mwimbaji alisahau maneno akapiga mluzi mpaka mwisho. Nimewahi kurekodi mwingine ambao ni ule ule wa upande wa kwanza, bila mwimbaji, wakaupa jina la mke wa mwenye duka. Hakuna aliyelalamika, maana hakuna aliyegeuza sahani.

Na Ngurumo walikuwa nani? Jina lao lote lilikuwa Ngurumo ya Muhumba, mtaa wao kule Bukavu, na walipiga roki, gita za umeme zilizofunguliwa mpaka vioo vya kanisa jirani vinatetemeka. Nywele ndefu, suruali za kubana juu na pana chini. Kuanzia Goma mpaka Bujumbura kila aliyekuwa na miguu aliwajua. Wimbo wao wa "Pikipiki ya Joséphine" ulipigwa harusini, ubatizoni, na mara moja, naapa, kwenye matanga, na wafiwa walicheza. Ule ulikuwa upande wa kwanza. Upande wa pili uliitwa "Nitachelewa." Mkiwauliza wazee wa hapa watawaimbia pikipiki yote na honi yake. Mkiwauliza huo mwingine watawauliza nyinyi.

Mimi niliusahau pia, au niliuweka mahali nisipopita. Kisha mwaka huu Maman Veneranda akaja.

Maman Veneranda wengi wenu mmemwona bila kumjua. Aliuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, sokoni miaka na miaka, mama mrefu, kitenge kimefungwa juu ya kifua, anaongea kwa sauti kubwa kwa sababu masikio yake hayasikii vizuri. Ni mjane wa Fidèle, mpiga besi wa Ngurumo. Alikuja uani kwa binti yangu, akakataa kiti, halafu akakikubali, halafu akatoa mfukoni sahani iliyofungwa ndani ya kipande cha shuka.

"Banasemaka weye njo ulikamata sauti ya Fidèle," akasema.

Nikamwambia ni kweli, mimi na Mushagalusa.

"Sasa uniambie. Ule mwanamuke anaimba mule ndani ni nani?"

Ngojeni niwaeleze swali hilo linatoka wapi. Fidèle hakuwa mwimbaji. Alikuwa mtu wa kusimama nyuma, karibu na ngoma, anatazama viatu vyake. Wiki walipotengeneza ile santuri alimwambia mkewe kwamba safari hii ameimba mwenyewe, wimbo mmoja, na amemwimbia yeye, basi asubiri sahani. Kisha bendi ikaondoka kwa safari ndefu ya kwenda mji mkuu, mbali huko. Fidèle akashikwa na homa huko, akazikwa huko. Sahani ilifika baada ya habari ya kifo. Veneranda akaenda kwa jirani mwenye gramafoni, akaomba waigeuze upande wa pili, na akasikia sauti nyembamba, tamu, ya mwanamke au ya mtoto, ikiimba maneno ambayo mumewe alizoea kumwambia akitoka nyumbani: usiniwekee chakula, nitachelewa.

Kiongozi wa bendi aliporudi alimweleza kwamba ni Fidèle, na kwamba sauti ilipanda kwa sababu ya mashine, na mashine ilifanya hivyo kwa sababu ya jenereta, na jenereta kwa sababu ya masera mmoja, mtawa wa kike. Jiwekeni mahali pa mwanamke yule. Mume amekufa mbali, ndani ya sahani yake kuna sauti ya mwanamke, na mwanamume mwenye nywele ndefu anakuja kumsimulia habari za jenereta. Mimi mwenyewe nisingeamini.

Sasa daktari amemwambia kwamba masikio yake yanaondoka, na yaliyobaki hayatakaa sana. Nyinyi mnajua, au mtajua, kwamba sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kuondoka: ndege, watoto, kengele ndogo. Nzito hubaki nyuma kidogo. Ile sauti ya sahani alikuwa amekwisha kuanza kuipoteza.

Nikamwambia ni Fidèle, nilikuwepo, nilimwona kwa macho yangu akiimba. Akatikisa kichwa kwa upole, kama unavyomtikisia mtoto anayekupa jiwe akisema ni mkate.

"Kuambiwa nimeambiwa na bantu bote. Minataka nimusikie na haya masikio, mbele hayajafunga. Kama ni yeye, nitamujua. Kama hapana yeye, nitamujua pia, na nitakufa na akili yangu."

Akaniachia sahani, akaenda. Niliigeuza kwenye mwanga. Upande wa pikipiki ulikuwa mweupe kwa kuchakaa, majirani waliuazima kwa kila sherehe mpaka mifereji ikaisha. Upande wa pili uling'aa. Ulikuwa umepigwa mara chache tu katika maisha yake yote, na hapo nikapata matumaini, kwa sababu katika kazi yetu sahani isiyopigwa ni sahani iliyo hai.

Sasa turudi nyuma, na mnivumilie, maana huko nyuma ndiko ninakopenda kukaa.

Mushagalusa alikuwa na ujuzi ambao hauandikwi. Alitundika blanketi za hospitali ukutani, akasimamisha migomba iliyokatwa kwenye pembe za chumba, na chumba kikawa laini kama sauti ya mtu aliye kitandani. Migomba iliponyauka sauti ilibadilika, kwa hiyo tulikata mingine, na mwenye shamba alituchukia. Ngoma kubwa ya Ngurumo ilikuwa inavuma mno, akaniagiza niweke mfuko ndani yake kuizima. Nikapata mfuko wa unga wa muhogo. Ngoma ikawa nzuri ajabu mpaka mfuko ulipopasuka katikati ya wimbo, na bendi nzima ikatoka chumbani nyeupe, kope nyeupe, na kiongozi wao bado anaimba kwa sababu hakuna aliyemwambia aache. Ule ndio upigaji uliobaki kwenye santuri ya pikipiki. Ukisikiliza mwisho kuna mtu anapiga chafya.

Kipindi kile umeme wa Bukavu ulikuwa unakatika hovyo, na kiwanda kilikuwa kinasubiri upande wa pili. Ngurumo walikuwa wamealikwa kupiga kwenye sikukuu ya parokia moja ya vilimani upande huu wa mto wa mpakani, jina lake naliacha. Walikuwa na ukumbi wenye dari ya mbao, na walikuwa na jenereta yao, groupe kama tunavyoiita. Mushagalusa akasema twende na mashine huko huko. Tukaivusha daraja ndani ya gari la mizigo, imelala kwenye magodoro kama mgonjwa.

Mchana walipiga kwenye sikukuu. Jioni, watu wameondoka, tukakaa ukumbini, na kiongozi wa bendi hakuwa na wimbo. Alijaribu kitu kuhusu pikipiki nyingine. Ndipo Fidèle akasema, akitazama viatu, kwamba yeye ana kawimbo. Wenzake walicheka, si kwa ubaya. Nje ukungu ulikuwa umepanda mpaka madirishani, na kule vilimani ukungu ukifika dirishani unahisi ukumbi wote umeng'oka na unaelea. Tukasikiliza chumba. Kilikuwa chumba kinachosikiliza pia.

Jenereta ilikuwa ndani ya kibanda nyuma ya jiko la masera, na mlinzi wake aliitwa Petero, mtu mpole kupita kiasi. Ilikuwa saa ya rozari. Masera mkubwa akatuma mtu kumwambia Petero kwamba mashine inawazuia kusali. Petero hakutaka kuwaudhi masera na hakutaka kutuudhi sisi. Akashika kile kijiti cha mafuta, akapunguza mwendo wa injini kidogo tu, taratibu sana, kama mtu anayefunika mtoto aliyelala. Masera akatuma tena. Petero akapunguza tena. Na tena. Ukumbini taa zilikuwa njano, zikawa za rangi ya asali, na sisi tukaona ni uzuri wa jioni.

Hapa nyinyi wa kompyuta sikilizeni vizuri. Mashine yetu ya utepe ilizungushwa na umeme ule ule. Injini ikipunguza mwendo, umeme unapunguza mapigo yake, na utepe unatembea polepole. Ukirekodi kwenye utepe unaotembea polepole, halafu ukaupiga kwenye umeme wa kawaida, kila kitu kinakimbia na kupanda. Mwanamume anakuwa mwanamke. Lakini ukiupiga pale pale, kwa injini ile ile iliyopunguzwa, husikii kosa lolote, kwa sababu mashine inakosea mara mbili na makosa yanalingana.

Na sisi tulikuwa na desturi yetu. Baada ya kurekodi tulisikiliza ubeti wa mwisho tu, kwa sababu makosa ya wanamuziki hujificha mwishoni, wakishachoka. Tukasikiliza ubeti wa mwisho. Ulikuwa wa kupendeza. Fidèle alisimama mbele ya spika mdomo wazi, anajisikia kwa mara ya kwanza, na sauti ilikuwa sauti yake halisi, nzito, ya chini. Hiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa mtu yeyote kuisikia kwenye utepe ule.

Nisisahau jambo moja. Alipofika katikati ya wimbo, kengele ya parokia ililia nje, ile ya Malaika wa Bwana, na mimi nikainua mkono kumsimamisha kwa sababu kelele inaharibu utepe. Mushagalusa akaushika mkono wangu, akaushusha.

"Acha aimbe," akasema kwa chini. "Muntu akifungua kinywa mara ya kwanza, usimufunge."

Bukavu tulipoupiga utepe kwa umeme wa mji, tukabaki tumekodoa macho. Mushagalusa akasema neno moja, groupe, akavaa kofia akaenda kunywa. Bendi ilikuwa imekwisha kuondoka kwa safari yake, kiwanda kilikuwa kinapiga kelele, na hatukuwa na njia ya kurekebisha. Wakachapa hivyo hivyo. Tulipopita tena kwenye parokia ile Petero alitusalimia kwa furaha, akatusimulia mwenyewe jinsi alivyoipunguza injini kwa ustadi hata hatukugundua, kisha akasubiri tumsifu. Mushagalusa akamsifu. Ungefanya nini?

Basi nikaipeleka sahani kwa Chantal.

Chantal mnamjua, hana maneno mengi. Aliisafisha kwa maji na kitambaa laini, akaweka sindano, akauingiza wimbo kwenye kompyuta, na ile sauti nyembamba ikajaa chumbani. Niliogopa kidogo. Nilikuwa nimesahau jinsi ilivyokuwa nzuri, hata katika kasoro yake: inaanza kama ya mwanamume kijana na kila ubeti inapanda, inapanda, mwishoni ni mtoto anayeimba kutoka juu ya mti.

Kuishusha ni kazi ndogo, akaniambia. Anavuta kitu kwenye kioo na wimbo unatembea polepole. Shida ni kuishusha kiasi gani. Akavuta kidogo, akawa kijana wa sekondari. Akavuta zaidi, akawa mwanamume. Akavuta tena, akawa ng'ombe dume amelewa. Katikati ya hao walikuwepo wanaume wengi, wote wanaaminika, wote wanaimba vizuri. Tulikaa siku nzima na kundi la kina Fidèle na hatukujua yupi ni yeye. Akaniuliza mimi nakumbuka vipi. Nikafumba macho. Vijana, nawaambia ukweli, nilisikia sauti nzuri sana, lakini ilikuwa inabadilika kila nilipoisikiliza, na mwisho ilikuwa inafanana na ya marehemu kaka yangu. Kumbukumbu ina injini yake na Petero wake.

Chantal akasema kuna mngurumo wa umeme nyuma ya wimbo, na wataalamu huutumia kupimia. Wazo zuri. Lakini mngurumo ule ulitoka kwenye jenereta ile ile iliyozungusha utepe. Vilipungua pamoja, vikapandishwa pamoja, ukiupima utakuambia kila kitu kilikuwa sawa. Ni shahidi aliyekula na mshtakiwa sahani moja. Gita nazo zilipatanishwa zenyewe kwa zenyewe jioni ile, kwa sikio, popote walipoona panafaa. Zingeweza kutuambia wimbo ulipanda kiasi gani kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini si ulipoanzia.

Wakati huo Maman Veneranda alikuwa anapita kila siku. Hakuuliza kitu. Alikaa kwenye ngazi za lile duka la simu, anasubiri, na mwenye duka akiongea naye mama alikuwa anasogeza sikio la kulia, kisha siku nyingine nikaona anasogeza uso mzima kutazama midomo. Chantal pia aliona. Alirudi ndani akafanya kazi bila kula. Jioni ile akaniambia kwamba anaweza kuchagua mmoja, yule aliye mzuri zaidi, na mama atafurahi. Alisema hivyo kwa huruma, si kwa uvivu. Hata mimi nilikuwa nimekwisha kulifikiri. Kisha nikamwambia kwamba mwanamke huyu amekaa maisha yake yote na sauti isiyo ya mumewe, tusimpe nyingine.

Akarudi kusafisha mikwaruzo, kwa hasira, kama mtu anayefua. Katikati ya wimbo akapata kitu kinachogonga, ting, ting, ting, kama kisufuria, akasema anakitoa. Nikamwambia asikitoe, hiyo ni kengele ya parokia. Nikamsimulia habari ya mkono wangu na mkono wa Mushagalusa. Nilikuwa nasimulia tu, kizee.

Akageuza kiti chake.

"Papa, ile kengele bado iko kule?"

Kengele haiwashwi kwa umeme. Kengele haina Petero. Ni chuma, na chuma kikilia leo kinalia kama kilivyolia siku ile. Niliona haya kwamba nilikaa nayo kichwani muda wote huo bila kuiona, na papo hapo nikafurahi.

Tulienda kwa pikipiki mbili, Chantal mbele na kinasa sauti chake kifuani, mimi nyuma nimeshika kofia. Mambo mengi yamepita juu ya vilima hivi tangu jioni ile na sikuwa na hakika tutakuta nini. Ukumbi haupo, kuna darasa. Kibanda cha jenereta kimekuwa banda la sungura. Lakini kengele ipo, ile ile, padri kijana alituthibitishia, anaiheshimu ingawa ana spika mpya mnarani. Tukasubiri saa ya sala. Ukungu ulianza kupanda kutoka bondeni, ukala mikaratusi, ukala barabara, na ilipolia sikuweza kusema ni kengele ya leo au ya siku ile. Nilisimama pale na mikono yangu mitupu na kwa dakika hiyo Mushagalusa alikuwa hai, Petero alikuwa hai, na ndani ya darasa lile mtu alikuwa anatazama viatu vyake kabla ya kuimba. Chantal alikuwa ananipiga picha. Nilimwambia aifute.

Studioni Chantal aliweka kengele mbili pamoja, ya sahani na ya jana, akaishusha ile ya sahani mpaka zikalingana na kuwa kengele moja. Hapo tukapata mahali pa kusimama. Kisha akalifuata gita la besi kurudi nyuma mpaka mwanzo na kwenda mbele mpaka mwisho, analishusha kila mahali Petero alipolipandisha. Alifanya hivyo kwa subira ambayo kwa kweli sisi hatukuwa nayo. Alipomaliza hakuniruhusu kusikiliza. Alisema wa kwanza awe mwenyewe.

Maman Veneranda alipanda ngazi akiwa amevaa kitenge cha kanisani. Tulimkalisha karibu na spika kubwa, Chantal akamwonyesha kwamba anaweza kuweka mkono juu ya sanduku lake kama masikio yatachoka. Akaweka mikono yote miwili. Uso wake ulikuwa mgumu, uso wa mtu anayesubiri hukumu, na mimi niliomba Mungu kwa mara ya kwanza tangu Pasaka.

Besi ikaanza kutembea. Nililijua gita lile kwa mfupa. Kisha Fidèle akaingia.

Sitawaelezea sauti ile. Ilikuwa ya mwanamume wa kawaida, nzito, yenye haya, inayojificha kidogo puani. Nilifikiri kwamba hata hii siyo ninayoikumbuka. Nilikuwa nakumbuka sauti safi zaidi. Nikamtazama Chantal, naye alikuwa anamtazama mama. Mama hakusogea. Ubeti wa kwanza ukapita wote. Alikuwa ameinamisha kichwa, na midomo yake inasogea bila sauti, na sikujua kama anaimba au anakataa.

"Alikuwa na grippe," akasema.

Hatukumwelewa. Akarudia, kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia vizuri.

"Siku ile alikuwa na grippe. Nilimukimbilia na koti mpaka ku barabara, kule juu kuko baridi. Akakatala, sababu barafiki yake balikuwa banamuangalia ndani ya gari."

Mimi nilikuwepo siku ile, nilisimama karibu naye kuliko mtu yeyote, na mafua yale sikuyajua. Mushagalusa hakuyajua. Hakuna mtu duniani aliyeyajua ila mwanamke mmoja aliyebaki barabarani na koti mkononi. Machozi yakanitoka na sikuyafuta.

Yeye hakulia. Alisogea mpaka paji la uso likagusa spika, akaipiga kofi dogo kwa kiganja, kama unavyompiga begani mtu wako mkaidi.

"Nilikuambiaka, Fidèle," akasema.

Wimbo ulikuwa bado haujaisha. Chantal akataka kuongea, nikamzuia, tukamwacha Fidèle amalize kumwimbia mkewe.